Matairi Mapana ya Mwalimu

Kwa muda mrefu jagi moja la plastiki, la rangi ya buluu, lilivuka ua kila asubuhi kutoka nyumba ya Sista hadi nyumba ya Mwalimu, huko Kiplombe. Lilikwenda na maziwa, likarudi tupu. Yeyote aliyelelewa nyanda hizi anajua kwamba jirani akikuletea kitu, chombo chake hukirudishi hivi hivi; unatia konzi ya maharagwe, au parachichi mbili, au hata majani ya chai, alimradi mkono wake usirudi mweupe. Jagi lile lilirudi tupu kwa sababu maziwa yale hayakuwa zawadi. Yalikuwa fidia. Sista alikuwa akilipia kosa la ng'ombe wake, aliyesemekana kukatiza barabara jioni ya mvua na kusababisha ajali iliyomvunja mke wa Mwalimu nyonga.

Hapakuwa na ng'ombe barabarani. Naliandika hili mwanzoni ili msomaji asinidhanie kwamba namfichia jambo, na pia kwa sababu tangu nilipoambiwa sijaweza kumfikiria mtu yule kwa kuanzia mahali pengine. Gari lilitoka barabarani kwa kuwa lilikuwa limevishwa matairi mapana kuliko kipimo chake. Mwalimu aliujua ukweli huo kuliko mtu yeyote katika Eldoret nzima, akanyamaza. Mtu aliyenifundisha kusema kweli alikuwa akitia maziwa ya uongo katika chai yake kila siku.

Nitajaribu kumwandika kwa haki, maana haki ndiyo aliyonidai tangu nilipokaa mbele yake darasani nikiwa sijaota ndevu. Jina lake silitaji. Waliopita mikononi mwake watamtambua, na wasiomjua hawatapungukiwa na kitu.

Alikuwa mwalimu wa hisabati, na hata baada ya kustaafu hakuna aliyemwita vinginevyo. Mkewe mwenyewe alimwita Mwalimu, na akikasirika alimwita Mwalimu kwa sauti ya chini. Kwake yeye dunia ilikuwa na maovu mawili tu, kuzidisha na kupunguza. Chai aliinywa nusu kikombe, kisha nusu nyingine, kwa hoja kwamba kikombe kilichojaa hadi ukingoni kimejazwa kwa faida ya meza. Mahubiri yakipitiliza, alivua miwani na kuifuta taratibu mpaka mhubiri akaelewa. Msimu mmoja wa mahindi aling'oa mstari mzima uliokuwa umeota vizuri kabisa, kwa sababu miche ilikuwa imesogeleana kuliko kamba yake yenye mafundo ilivyoagiza. Majirani walicheka. Mavuno yalipofika hayakuwa tofauti na yao, wala yeye hakudai kwamba yangekuwa. Alisema tu kwamba sasa analala vizuri.

Lakini kilichomfanya ajulikane kutoka Kiplombe hadi Yamumbi ni matairi.

Jumapili baada ya ibada, wengine wakisalimiana, yeye alipita kati ya magari yaliyoegeshwa uwanjani mwa kanisa, mikono ikiwa nyuma, akiinama kusoma ubavu wa kila tairi kama mtu asomaye majina makaburini. Tarakimu tatu za kwanza zilizochongwa pale ni upana wa tairi kwa milimita. Alizilinganisha na kibandiko kidogo kinachowekwa na watengenezaji penye fremu ya mlango wa dereva, ambacho wenye magari wengi hawajawahi kukisoma maishani mwao. Gari lake mwenyewe lilikuwa jeupe, la zamani, lenye mgongo mrefu wa kubebea mizigo. Kibandiko chake kilisema mia moja sitini na tano, na miaka yote niliyomfahamu kabla ya mambo haya halikuwahi kuvaa zaidi ya hapo.

Katika mji wetu huo ulikuwa ukaidi. Hapa Eldoret mtu akinunua gari dogo lililotumika ng'ambo, jambo la kwanza baada ya kuliombea ni kulivisha matairi mapana. Tunasema yanakanyaga vizuri. Tunasema matope ya kwetu yanataka mguu mpana. Ukweli ni kwamba tunapenda gari lionekane limeshiba. Mwalimu aliikabili imani hiyo kama alivyolikabili kosa ubaoni, bila hasira na bila huruma. Alikubali kwamba kwenye lami kavu tairi pana hushika barabara vizuri zaidi, na kwamba asiyelikubali hilo ni mbishi tu. Ila sisi, alisema, hatukujaliwa lami kavu nusu ya mwaka. Juu ya lami iliyotota, tairi jembamba hupasua maji likaigusa barabara, ilhali lile pana likienda kasi hupanda juu ya maji na kuelea. Kwenye matope yaliyolala juu ya ardhi ngumu, jembamba huzama kidogo likapata mahali pa kuuma, na pana hubaki juu likizunguka bure. Tena rimu nyembamba ikibebeshwa tairi pana, ubavu hufura na gari huyumba kwenye kona. Na tairi likizidi upana bila kupunguzwa kimo, litakwaruza madigadi kila usukani unapokatwa hadi mwisho, na mshale wa mwendo utaonyesha polepole kuliko gari linavyokwenda.

Hili la mwisho ndilo lililomkera kuliko yote. "Kukosea upana ni kutojua tu," aliniambia wakati mmoja. "Lakini kukalia gari ambalo umelifundisha kukudanganya, hiyo ni tabia."

Kiongozi wa kwaya, kijana mchangamfu, alimngoja Jumapili moja akiwa ameegemea gari lililovimba magurudumu.

"Mwalimu, leo usiiname, mgongo ni wako. Nitakuambia mwenyewe. Mia moja tisini na tano."

"Na mlango unasemaje?"

"Mlango haijui barabara ya kwetu."

"Inajua gari. Barabara itaikuta."

"Lakini si iko poa? Angalia vile imesimama."

"Imesimama vizuri sana. Mimi naogopa ile siku itaambiwa isimame."

Watu waliokuwa karibu walicheka, na kijana, asiyependa kushindwa, akamuuliza kama akifika mbinguni atapima mlango. Mwalimu akamjibu kwamba atapima, maana anaambiwa ni mwembamba. Kijana hakuyatoa matairi yake, na sijasikia kwamba yamemdhuru mpaka leo. Nalisema hili kwa sababu Mwalimu mwenyewe angedai niliseme.

Darasani alikuwa na neno moja ambalo wanafunzi wake wote wanalikumbuka. Alikuwa akisema kwamba jibu sahihi lisilo na njia ni wizi. Ukiandika jibu bila kuonyesha hatua zilizokufikisha, alikupa sufuri, hata jibu lenyewe liwe sawa na lake. Mzazi mmoja mwenye cheo katika bodi ya shule alikuja juu kwa ajili ya sufuri ya namna hiyo. Mwalimu alimkaribisha kiti, akamwekea karatasi mbele, akamwambia kwa upole, "Mtoto wako amefika. Sijui alipitia kwa nani." Mzee yule aliondoka na karatasi yake, na sufuri ikabaki.

Mimi mwenyewe aliwahi kunijia bwenini, mvua ikinyesha, akiwa ameifunika karatasi yangu kwa koti. Alikuwa amegundua kwamba aliniongezea alama moja kwa makosa ya kujumlisha. Aliikata mbele yangu, kisha akaniomba radhi kwa kunipa furaha isiyokuwa yangu. Nimesoma vitabu vingi vya maadili tangu siku hiyo, na kuvifundisha baadhi yake. Hakuna ukurasa ulionikalia moyoni kama koti lile lililolowa. Ndiyo maana nasema nimeshtuka, na neno lenyewe naliona dogo.

Pamoja na yote hayo, palikuwa na jambo ambalo sote tuliliona na hakuna aliyelitaja. Mtu huyu wa vipimo alivaa viatu vikubwa kuliko miguu yake. Vilikuwa viatu vya mwanawe, mtoto wao wa pekee, ambaye alikuwa mrefu na alifanya kazi nzuri Nairobi. Kijana alipovichoka alimletea baba yake, na baba yake alivijaza magazeti puani akavivaa kanisani, akiburuta kisigino hatua kwa hatua. Ungemwambia kwamba vimezidi, angekwambia vina joto.

Mwana yule alipunguziwa kila sheria. Tulipokuwa tukisimama nje ya darasa kwa kuchelewa, yeye, aliyekuwa bado mdogo na akisoma shule ya jirani, aliingia ofisini mwa baba yake saa yoyote na kukalia kiti chake. Alipokosea hesabu nyumbani, Mwalimu alimfutia na kumwambia wataanza upya pamoja. Mke wa Mwalimu, ambaye hapa nitamwita Mama kama tulivyomwita wote, aliwahi kuniambia akichambua mboga, "Huyu mzee ako na rula mbili. Ile yenu ndiyo ya chuma." Nilicheka. Nilidhani ni utani wa mke.

Siku ya koito ya mwanawe, yaani siku ya ukoo kwenda kwa wakwe kukubaliana kuhusu mahari, nilikuwa miongoni mwa walioalikwa kusindikiza. Magari yalijipanga uani kwa Mwalimu asubuhi, tayari kuelekea upande wa Chepkoilel. Gari jeupe la zamani lilikuwa limepangiwa kubeba wazee. Kijana, kwa mapenzi yake na kwa kutotaka wakwe waone gari la baba yake limekonda, alikuja na marafiki zake na seti nzima ya matairi mapya. Waliingiza jeki wakayabadilisha pale pale, mbele ya ndugu wote. Shangazi wakapiga vigelegele. Mmoja wao akasema sasa gari limevaa viatu vya harusi.

Nilimtazama Mwalimu. Nilimwona akiinama kama kawaida yake, akisoma ubavu wa tairi la mbele. Mia moja tisini na tano, na kimo kile kile. Nilijua anachokijua. Nilingoja neno lake kama mtu anavyongoja kengele saa ikishatimia. Akainuka, akamshika mwanawe mkono, akasema, "Asante."

Nilijiambia kwamba ni adabu. Zawadi ya mtoto, mbele ya ukoo mzima, siku ya koito, hakuna baba wa huku ambaye angeikataa kwa sababu ya milimita thelathini. Kungekuwa kumvua kijana nguo mbele ya shangazi zake. Nilidhani matairi yangetoka wiki itakayofuata, kimya kimya. Hayakutoka. Nilipokwenda kumsalimu baadaye nikayakuta bado, na nilipomuuliza alitazama mahindi yake akaniambia kwamba tairi ni tairi. Sikuwahi kusikia kutoka kinywani mwake sentensi isiyo na maana kama ile. Jumapili akawa anatoka kanisani moja kwa moja hadi kwenye gari lake, bila kuinamia la mtu.

Ajali ilitokea msimu wa mvua uliofuata, wakirudi nyumbani jioni, kwenye kona iliyo karibu na shamba la Sista. Gari liliteleza, likavuka upande wa pili, likaingia mtaroni na kulalia ubavu. Mwalimu alitoka bila mkwaruzo. Mama alivunjika nyonga. Yeye hakuona kitu, maana wakati huo alikuwa ameinama akitafuta simu mkobani, na yote aliyoyajua kuhusu ajali ile aliyajua kwa kuambiwa na mumewe.

Mwanawe alipofika hospitalini mbio kutoka Nairobi na kuuliza kimetokea nini, Mwalimu alisema ng'ombe alikatiza barabara. Ng'ombe gani? Mweupe mwenye mabaka meusi. Hakumtaja mtu. Alitaja rangi. Katika kona ile yote, nyumba yenye ng'ombe wa rangi hiyo ni moja.

Sista tulimwita hivyo kwa ajili ya kazi yake. Alikuwa muuguzi mstaafu, aliyekuja mjini hapa kutoka upande wa ziwa akiwa msichana, akafanya kazi katika wodi za uzazi mpaka mvi zikamkuta humo. Nusu ya watoto wa Kiplombe walipokelewa na mikono yake, na mwana wa Mwalimu ni mmoja wao. Alizika mume hapa, akajenga hapa, akanunua ng'ombe mmoja wa kumfariji. Hata hivyo nalisema kwa aibu kwamba katika mji wetu mtu wa namna hiyo hubaki jirani mwema mpaka siku ya ugomvi, na siku hiyo watu hukumbuka haraka alikotoka.

Wazee wa mtaa walimwendea. Hawakumfokea, walikwenda na mchungaji, wakaomba, wakamweleza kwamba Mwalimu ni mtu asiyesema uongo na kwamba amani ya majirani ni kitu cha kulindwa. Ikaamuliwa apeleke maziwa kwa mgonjwa kila asubuhi mpaka Mama atakapotembea bila msaada. Sista alikubali bila kubisha. Niliposimuliwa niliyaona maamuzi hayo kuwa ya kistaarabu, na bado nashangaa jinsi dhuluma inavyoweza kuvaa vizuri.

Sasa nifike kwenye siku ya mwisho niliyokaa naye kwa kirefu.

Nilikwenda kumwona Mama mchana mmoja wa mawingu mazito. Nilimkuta barazani, mguu umewekwa juu ya kigoda, kifaa chake cha kutembelea kikiwa kando. Mwalimu alikuwa amesimama karibu na gari akiwa amevaa koti, na kabla sijakaa akaniomba nimsindikize mjini. Mama akanieleza kilichotokea asubuhi. Sista, alipoleta jagi, alikuwa amesema kwamba kuanzia kesho hakutakuwa na maziwa. Watu wanaendelea kumsema yule mnyama kila mvua ikinyesha, naye amechoka. Amepata mnunuzi, atakuja kesho kumchukua ng'ombe, ili watu wapumzike.

"Tangu asikie hiyo, hakai," Mama akasema, akimwonyesha mumewe kwa kidevu. "Ati anaenda kubadilisha tairi. Mimi nauliza, ng'ombe na tairi zinaingiliana wapi?"

Mwalimu akafungua mlango wa gari, nikaingia. Tuliondoka. Alipokata usukani kutoka langoni, nilisikia matairi ya mbele yakikwaruza madigadi, sauti kavu, ndefu. Gari lilikuwa limenyooshwa baada ya ajali na kuvishwa matairi yale yale. Miezi yote hiyo alikuwa akiisikia sauti ile kila alipotoka na kila alipoingia.

Mwenye duka la matairi, mama mnene mwenye maneno mengi, alimfahamu tangu zamani. Alipoambiwa atafute mia moja sitini na tano, aliyazunguka yale mapana akiyabonyeza kwa kidole.

"Hizi bado ziko na meno yote, Mwalimu. Vijana wanazililia. Unatoa kwa nini?"

"Sio za hii gari."

"Na zimekaa hapo muda huo wote zikiwa za nani?"

Alikuwa anatania. Mwalimu akahesabu noti za matairi membamba, akaziweka kwenye kaunta. Kisha akaomba matairi yale yawekwe hapo dukani, kwamba mwanawe atayafuata.

Tulirudi juu ya magurudumu membamba, mvua imeanza. Kwenye kila mzunguko wa barabara alikata usukani na hapakusikika kitu. Ukimya ule, nadhani, ndio uliomfungua. Tulipokaribia kona ya mtaro alipunguza mwendo, akasema bila kunitazama, "Hapakuwa na ng'ombe."

Sikuelewa mara moja. Akili ya mwanafunzi hukataa. Nilimuuliza anamaanisha nini, naye akaeleza kwa utaratibu, kama anavyoeleza mtu wa hesabu: maji barabarani, kona, gari kupanda juu ya maji, usukani kuwa mwepesi mkononi kama kijiko, mshale ukimwambia kwamba anakwenda taratibu. Alijua kabla hawajafika mtaroni. Alipokuwa amelala ubavu ndani ya gari, mkewe akilia, alikwisha kujua na sababu, na nambari, na nani aliyeyanunua matairi.

"Ukamsingizia Sista," nikasema.

"Sikumtaja."

"Mwalimu."

"Ningemwambia nini kijana? Kwamba ndiye aliyemvunja mama yake? Hangeweza kuibeba hiyo. Sista anaweza kubeba. Amebeba mengi."

Nimezika watu wangu, nimeona mji huu ukiwaka na ukizimika, na bado sidhani kwamba nimewahi kusikia maneno yaliyonitia baridi kama hayo, yaliyosemwa kwa sauti ya kawaida na mtu mwenye miwani safi. Nilimkumbusha bweni, na koti, na alama moja aliyoikata mvua ikinyesha. Nilimuuliza ilikuwa ya nini yote ile.

"Ile kweli niliyofundisha," akasema polepole, "ilikuwa ya watoto wa watu."

Hakuwa anajitetea. Ilikuwa kama mtu aliyeisoma nambari mwishowe. Nilikuwa na mahubiri mazima kinywani, maana hiyo ndiyo kazi yangu na ndiyo hulka yangu, lakini kilichonitoka ni maneno yake mwenyewe. Nilimwambia kwamba matairi haya manne ni jibu sahihi. "Njia iko wapi, Mwalimu?"

Alisimamisha gari kando ya barabara. Akatoa simu, akampigia mwanawe. Alimwambia kwamba ameyatoa matairi, kwamba ndiyo yaliyowatoa barabarani, kwamba hakukuwa na mnyama wowote, na kwamba alijua tangu uani siku ya koito na angeweza kusema, asiseme. Kosa la kutosema, alimwambia, ni lake peke yake. Sikusikia alichojibiwa. Nilimwona tu akiishusha simu kutoka sikioni na kuitazama kwa muda, kisha akawasha gari.

Sista alikuwa barazani tulipofika, amekaa karibu na Mama. Alikuwa ameleta maziwa ya jioni, akisema ni ya kuagana, na jagi la buluu lilikuwa juu ya meza limejaa. Mwalimu alipanda ngazi na kusimama mbele yake, maji yakimchuruzika kofiani.

"Sista," akasema, "ile siku hapakuwa na ng'ombe. Ni mimi. Ni tairi."

Mama aliweka kikombe chake chini. Nilitazamia kilio, au laana, au angalau mshangao. Sista aliendelea kumtazama kwa uso ule ule ambao bila shaka aliwatazamia wazazi wengi usiku wa uchungu.

"Najua," akasema. "Alikuwa amefungwa. Nilimfunga mwenyewe, nikawa namkamua wakati mlianguka. Nilikuja kuwatoa kwa gari nikiwa na maziwa kwa mikono."

Nilikuwa nimesahau, au sikuwahi kuambiwa, kwamba yeye ndiye aliyefika kwanza mtaroni.

"Na ukanyamaza?" Mama akauliza. Sauti yake ilikuwa imepungua hata sikuitambua. "Sista, unaniletea maziwa miezi yote hiyo, na unajua?"

"Ningesema kwa nani, Mama? Mwalimu alikuwa ameshasema."

Mvua ilipiga mabati. Sista akaongeza kwamba ng'ombe hauzwi tena, na kwamba angeomba jagi lake.

Mama alikataa kusaidiwa. Alijivuta hadi jikoni kwa kile kifaa chake, hatua baada ya hatua, jagi likining'inia kwenye kidole, maziwa yakimwagika njiani. Tulimsikia akiyamimina kwenye sufuria, akiosha, akifungua gunia. Alikaa sana. Alipotoka, jagi lilikuwa limejaa maharagwe mekundu hadi ukingoni, yamerundikana juu kama kilima, na Mwalimu, mtu wa nusu kikombe, akampisha njia.

Sista alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Kisha akauvuta uteo wa kupepetea uliokuwa umeegemea ukuta, akauweka mezani, na akayamimina maharagwe yote humo, taratibu, bila kuliacha hata moja lianguke. Akaligonga jagi kwa kiganja ili punje ya mwisho itoke.

"Leo naomba lirudi tupu," akamwambia Mama, "kama lilivyozoea."

Akafunga kitambaa chake kichwani na kushuka ngazi. Mwalimu alitoka mbio nyuma yake kwenda kumfungulia lango, akiburuta vile viatu vya mwanawe katika matope. Kimoja kilinaswa, akarudi kukivuta. Alipofika langoni, Sista alikuwa ameshapita.